X-Trail T32 betri inakufa kila nikiipaki wikendi, fundi kapima volti 12.6 gari ikiwa inawaka anasema alternata (ile inayochaji betri), naombeni msaada

Mkazi wa Mbezi

Wakuu habari za humu, naombeni msaada kwenye hii gari maana naona naelekea kununua vifaa ambavyo pengine ni vizima.

Gari ni Nissan X-Trail T32 ya 2015, petroli 2.0, ile ya kawaida sio haibridi, imetoka Japani. Nikiipaki Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi haipigi selfu, inafanya tik tik tik afu dashibodi inawaka taa zote, ABS (ya breki), ile ya kuteleza, ya usukani, na maandishi kwamba mfumo wa chasisi una hitilafu. Nikibusti inawaka, nikitembea kidogo taa zinazima zenyewe na gari inaenda kama hamna kilichotokea. Siku za kazi naitumia kila siku haisumbui sana ila asubuhi selfu inasikika nzito. Na ile ya injini kujizima yenyewe kwenye foleni imeacha kufanya kazi siku nyingi.

Betri nimebadilisha, nikaweka mpya 55D23L, tatizo likarudi vilevile. Fundi mmoja akapima gari ikiwa inawaka akakuta 12.6, akasema alternata imekufa, ya mtumba laki nne na nusu bado ufundi. Mwingine akachomeka mashine ya kusoma hitilafu akapata namba U1000 na C1109, akasema kontroli boksi ya ABS. Mwingine tena anasema sensa ya betri, ile iliyokaa kwenye teminali ya hasi. Kila fundi na kifaa chake, na taa ya betri haijawahi kuwaka gari ikiwa inatembea.

Vilivyoongezwa: traka, kile kifaa cha kufuatilia gari iko wapi (gari ni ya mkopo, siwezi kuitoa mpaka deni liishe), kamera ya dashi, na sabufa yenye amplifaya yake kule nyuma. Mita ya kawaida ya digitali ninayo na kuitumia naweza. Nianzie wapi?

Dereva wa Kibaha

Pole mkuu. Mi naona alternata hiyo. Gari ikiwa inawaka lazima usome 13.8 mpaka 14.4, hiyo 12.6 ni betri inajibeba yenyewe. Au kama hela haipo chomoa ile soketi ndogo ya sensa kwenye hasi, mi ya kwangu nilichomoa inachaji 14 muda wote, taa ya injini imewaka ila gari inatembea tu.

Fundi Waya Gerezani

Mkuu tulia kwanza, usinunue alternata wala kontroli boksi. Na ndugu yangu wa Kibaha naomba unisikilize na wewe kwa sababu hii kanuni ya 13.8 imewatoa watu wengi hela zao.

Kanuni hiyo ni ya magari ya zamani ambayo alternata ilikuwa inajiamulia yenyewe kwa regyuleta (kidhibiti volti) iliyo ndani yake. T32 haiko hivyo. Pale kwenye waya wa hasi kuna sensa inayopima ampea zinazoingia na zinazotoka kwenye betri, na joto pia. Taarifa inaenda kontroli boksi ya injini, yenyewe ndo inaamua alternata izalishe volti ngapi, inatuma amri kwa laini ya CAN (zile waya ambazo mabox ya gari yanaongelea) hadi lile boksi la fyuzi lenye akili lililo mbele kwenye injini, Nissan wanaliita IPDM, na hilo boksi linaipelekea alternata amri kwa mapigo ya umeme ya kuwaka na kuzima harakaharaka. Shabaha yao ni mafuta, alternata ikizalisha injini inabeba mzigo, kwa hiyo kompyuta ikiamini betri imejaa inashusha uzalishaji, volti inakaa 12 na kitu na hapo hamna kilichoharibika, afu ukiachia mafuta gari ikiwa kwenye mwendo inapandisha. Ndo maana nasema fundi aliyeweka mita mara moja gari imesimama inaunguruma tu (sailensa) akasoma 12.6, huyo hajapima alternata, kapima uamuzi wa kompyuta.

Sasa swali ni kwa nini kompyuta iamini betri imejaa wakati Jumatatu haiwezi hata kuzungusha stata (mota ya selfu)? Hapo ndo nataka ufungue boneti uniambie ule waya mweusi wa amplifaya na ule wa traka vimefungwa wapi. Nahisi vimefungwa moja kwa moja juu ya kichwa cha hasi cha betri, mafundi wengi wa redio na traka wanafanya hivyo kwa sababu ni haraka na kwenye magari ya zamani haikuwa na shida. Ile sensa ni sawa na mlinzi wa geti anayeandika kwenye daftari kila anayeingia na kutoka. Waya ukifungwa upande wa betri kabla ya sensa, watu wanapita uani, daftari halijui chochote.

Na ubaya wake uko pande mbili, hii ya pili wengi hawaijui. Gari ikiwa imezimwa amplifaya ikinyonya, sensa haioni, kompyuta inaendelea kuamini betri iko kama ulivyoiacha. Gari ikiwa inawaka na mziki unapiga, umeme wa alternata unaenda kwa amplifaya, unatoka kwa waya wake mweusi mpaka kwenye kichwa cha hasi, afu unapita kwenye sensa kurudi kwenye bodi, na huo mwelekeo ni uleule wa umeme unaochaji betri. Sensa inaandika betri inachajiwa vizuri, kumbe ni sabufa inakula. Kompyuta nayo inasema aah betri imeshiba, punguza. Kitabu cha mwenye gari cha Nissan chenyewe kinaonya usifunge athi (waya wa hasi) ya kifaa cha ziada kwenye teminali ya betri, ifungwe kwenye bodi, la sivyo betri inaweza isijae.

Kuhusu namba za mashine. U1000 kwa Nissan ni kwamba boksi fulani lilikosa mawasiliano kwenye CAN, na C1109 ni ABS inalalamika volti yake haikuwa sawa. Betri ikiwa dhaifu ukapiga selfu volti inazama, mabox yanazima na kuwaka, kila moja linaandika malalamiko yake. Ndo zile taa zote kuwaka kwa pamoja afu kuzima zenyewe ukitembea. ABS yako haina ugonjwa kwa dalili hizo. Futa namba zote, betri ijazwe kwanza kwa chaja, afu pima upya uone zipi zinarudi. U1000 ikirudi na betri ni nzima hapo tutaongea mengine, utazima gari, utachomoa betri, utapima omu kati ya pini 6 na 14 za soketi ya OBD (ile inayochomekwa mashine ya hitilafu), inatakiwa ikaribie 60, ukipata 120 kuna ncha moja imekatika. Ila hatujafika huko.

Nipimie hivi vitu. Volti ya betri gari ikiwa imelala usiku kucha, kabla hujafungua mlango kama unaweza (funguo ya boneti ivute jioni). Volti wakati wa kupiga selfu. Afu gari ikiwa inawaka, washa taa kubwa, feni ya AC mwisho, na kile kioo cha nyuma cha kuondoa ukungu, pandisha hadi 1500 au 2000, soma volti. Hapohapo geuza mita upande wa volti za AC (umeme wa mawimbi, sio kiyoyozi) upime palepale kwenye betri, unaangalia kama diodi za alternata ni nzima, ikizidi sana 0.1 nina wasiwasi nazo, ikifika 0.5 diodi imekufa, na diodi mbovu inaweza hata kunyonya betri usiku.

Ndugu wa Kibaha, ukichomoa sensa kweli inachaji 14, maana kompyuta inakosa taarifa inaacha kuingilia, alternata inarudi kujiongoza yenyewe. Kama kipimo cha dakika chache ni kizuri sana, kinakuonyesha alternata ni nzima! Ya kwako ni nzima na umejithibitishia mwenyewe. Lakini kuiacha hivyo taa ya injini inawaka moja kwa moja, siku ikija hitilafu ya kweli ya injini hutaijua, na kwenye gari ya kujizima kwenye foleni hiyo huduma umeshaiua.

Bahari ya Nyali

Ndugu zangu salaam, mimi niko Mombasa, kazi yangu ni huu umeme wa magari. Fundi wa Gerezani amesema kweli tupu, mimi naongeza moja tu ambalo kwetu huku pwani ndilo latusumbua mno na nadhani Dar ni vivyo hivyo, nalo ni athi zilizoliwa na chumvi.

Gari ikishakaa pwani, ule waya mnene utokao hasi kwenda bodi na ule utokao injini kwenda bodi huanza kuota ule unga wa kijani na mweupe ndani ya ile plastiki, kwa juu waona mzima kabisa. Wengine huosha injini kwa maji ya presha, ndio wamaliza kabisa. Sasa ukitaka kujua, usipime omu, omu itakudanganya kwa sababu mita yapitisha umeme mdogo sana na hata uzi mmoja uliobaki wapitisha. Pima volti wakati waya umebeba mzigo. Wachukua mita, ncha moja kwenye nguzo yenyewe ya hasi ya betri, si kwenye kibanio chake, ncha nyingine kwenye chuma safi cha injini, kisha mwenzio apige selfu. Ikisoma chini ya 0.2 ni sawa. Ikisoma 0.6, 0.8, basi umeme wako unapotelea njiani na hata uweke betri ya lori selfu itakuwa nzito. Halafu rudia upande wa chanya, kutoka nguzo ya chanya mpaka ule msumari (bolti) mkubwa wa stata, hapo mpaka 0.5 hivi si neno.

Na jambo hili waambie hata jirani zako, ukibusti gari yenye sensa, ule mdomo wa hasi usiubane kwenye nguzo ya betri ya hiyo gari iliyokufa, ubane kwenye chuma cha injini au kwenye msumari wa bodi. Na chaja vivyo hivyo. Ukibana kwenye nguzo, unajaza betri na sensa haihesabu hata kidogo kilichoingia. Na cheche haziwi karibu na betri, ni salama zaidi.

Mkazi wa Mbezi

Wakuu Mungu awabariki, nimefanya vipimo vyote vya hapo juu, majibu haya hapa.

Asubuhi kabla sijafungua mlango 12.05. Kupiga selfu inashuka mpaka 8.7 ila iliwaka. Gari ikiwa inawaka bila kuwasha kitu 12.7, nikiwasha taa kubwa, feni na kioo cha nyuma, 1500, ikapanda 13.9. Upande wa AC 0.03. Nguzo ya hasi mpaka chuma cha injini wakati wa selfu 0.14. Nikachomoa soketi ya sensa kwa dakika chache ikapanda 14.2 ikatulia hapo, nikarudisha.

Na kweli juu ya kichwa cha hasi kuna waya mbili nyeusi za ziada, moja nene ya amplifaya na moja nyembamba, nahisi ya traka, zimebanwa na nati pamoja na kibanio.

Nimejaribu kupima unyonyaji gari ikiwa imezimwa, nikachomoa hasi nikaweka mita katikati kwenye 10A, ikaruka 3 na kitu afu ikashuka, ila nikifungua mlango inapanda tena. Sijajua niamini namba ipi.

Fundi Waya Gerezani

Safi sana mkuu, umefanya kazi ambayo mafundi wengi hawafanyi.

Alternata nzima, laki nne na nusu yako imebaki mfukoni. Ukiipa mzigo inapanda 13.9, ukichomoa sensa 14.2, mawimbi ya AC 0.03, hapo hamna cha kubadilisha. Sensa nayo na njia yake ya amri vinafanya kazi, kwa sababu kompyuta imeweza kushusha na imeweza kupandisha. Ingekuwa sensa imekufa kwa namna ambayo kompyuta inaijua ungeona namba ya hitilafu P1550 au moja ya zile zinazofuata mpaka P1554. Ukipata mtu mwenye mashine nzuri ya Nissan kuna kipimo cha kuiamuru alternata moja kwa moja, unaiweka asilimia 40 unasoma volti, unaiweka 80 inatakiwa ipande angalau nusu volti. Ila kwako sioni haja. Athi za bodi nazo nzuri, 0.14 haina neno.

12.05 asubuhi ndo ugonjwa wenyewe. Betri ya asidi ikipumzika 12.6 au 12.7 imejaa, 12.4 ni robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 robo. Wewe unatembea na robo tanki ya umeme kila siku, halafu wikendi inamaliza. Na betri ya asidi ikikaa muda mrefu haijajaa inaota salfeti kwenye sahani zake, kwa hiyo hata hiyo mpya imeshaumia kiasi.

Sasa unyonyaji. Namba ya kuamini ni ya gari ikiwa imelala kabisa, na gari hizi hazilali ukishazima, mabox yanaendelea kuongea. Fanya hivi. Teremsha kioo cha dereva, shusha boneti isifunge ila kile kitasa cha boneti kisukume na bisibisi kijifunge ili gari idhani boneti imefungwa, mlango ufunge, funguo ipeleke mbali ndani ya nyumba maana funguo ya kielektroniki ikiwa karibu gari haitulii. Zile waya nyeusi za ziada zitoe kwenye nguzo uzibane pamoja na kibanio, zote zipite kwenye mita, ukiziacha kwenye nguzo zitaikwepa mita kama zinavyoikwepa sensa na utasoma gari nzima wakati sio. Afu subiri nusu saa bila kugusa kitu. Usiwashe swichi wala kupiga selfu mita ikiwa katikati, utachoma fyuzi ya mita.

Gari nzima inatakiwa isome ampea 0.02 mpaka 0.05 hivi. Ukipata zaidi usianze kuchomoa fyuzi ovyo, kila ukichomoa na kurudisha unaamsha boksi fulani na hesabu inaharibika. Geuza mita kwenye milivolti (hapo unganisha betri kama kawaida, gari ilale tena), gusa vile vijitundu viwili vya chuma juu ya kila fyuzi. Fyuzi inayopitisha umeme inaonyesha kidogo, isiyopitisha inakaa 0.0. Unafuata inayoonyesha. Ila kwako ningeanza na fyuzi ya amplifaya, ile iliyoko kwenye waya mwekundu karibu na betri.

Mama Gari Arusha

Naomba kuuliza humuhumu wakuu. Mimi nina BMW E90, nayo ina sensa kwenye hasi, nilibadilisha betri kwa fundi akanifungia tu nikaondoka, mwingine akaniambia ilitakiwa isajiliwe. Hii ni kweli au wanataka hela? Na je Nissan nayo inasajiliwa?

Bahari ya Nyali

Dada yangu ni kweli. Kwa E90 kompyuta ya injini yaweka kumbukumbu ya umri wa betri na yachaji kulingana na huo umri. Betri kuukuu huchajiwa tofauti na mpya. Ukiweka mpya bila kuiambia, yaendelea kudhani ina ile ya zamani iliyochoka, na mpya yaishi maisha mafupi. Kusajili ni dakika chache kwa skana yenye huduma hiyo. Na kama umebadilisha aina, mfano ilikuwa ya kawaida ukaweka AGM (aina ya betri iliyozibwa), au ampea saa si zilezile, hapo kusajili hakutoshi, lazima na aina na ukubwa vibadilishwe kwenye kompyuta. Muulize fundi wako aliweka ipi, jina liko kwenye stika ya betri.

Nissan si utaratibu uleule, lakini nyingi za kujizima kwenye foleni huhesabu jumla ya umeme uliokwisha kutoka kwenye betri, na hesabu ikiwa kubwa huzuia injini kujizima. Betri mpya ikiwekwa hesabu yafutwa kwa skana.

Mkazi wa Mbezi

Wakuu nimerudi na habari nzuri.

Nilifanya kama alivyosema Fundi Waya, nusu saa bila kugusa, mita ikatulia 0.41. Nikachomoa fyuzi ya amplifaya ikashuka palepale mpaka 0.07. Nikaenda kufungua kule nyuma, amplifaya ina kataa kadogo kekundu kanakowaka hata gari ikiwa imezimwa na funguo iko ndani. Nikafuata ule waya mwembamba wa bluu unaoiambia amplifaya iwake, haukwenda kwenye redio, umeungwa kwenye waya wa umeme wa kudumu pale chini ya zulia, umezungushiwa na selotepu tu. Kwa hiyo amplifaya ilikuwa haizimi usiku wala mchana tangu ilipofungwa.

Nimeuhamisha nimeupeleka kwenye waya wa bluu wa redio, sasa redio ikizimwa na kale kataa kanazima. Waya mweusi wa amplifaya nimeuhamishia kwenye msumari wa bodi kule nyuma karibu nayo, nimekwangua rangi kwanza nikaweka grisi juu baada ya kukaza. Nikaichaji betri ikiwa ndani ya gari usiku mzima, mdomo wa hasi kwenye bodi kama alivyosema mzee wa Mombasa.

Baada ya hapo nimeipaki Ijumaa mpaka Jumatatu, asubuhi 12.45, selfu imepiga mara moja na hakuna taa yoyote iliyowaka. Namba nimefuta, U1000 na C1109 hazijarudi. Kitu kingine nilichoona, sasa nikiwa kwenye foleni volti inapanda na kushuka yenyewe, asubuhi nikitoka nyumbani inakaa 14.3 muda mrefu afu baadaye ndo inashuka, zamani ilikuwa inakaa 12 na kitu tangu nawasha.

Kujizima kwenye foleni bado hakujarudi. Na hiyo 0.07 iliyobaki niiache au niitafute?

Dereva wa Kibaha

Aisee hapa nimejifunza. Ya kwangu nayo ina redio kubwa ya Android iliyofungwa mtaani, kesho naangalia waya wake mweusi umeenda wapi kabla sijarudisha soketi ya sensa.

Fundi Waya Gerezani

Hiyo uliyoiona asubuhi, 14.3 afu inashuka taratibu, ndo sensa inayoona ukweli. Kompyuta inajua usiku betri ilipoteza kiasi, inarudisha, ikishiba inapunguza.

0.07 piga hesabu mwenyewe, mara masaa 24 ni kama ampea saa 1.7 kwa siku. Wikendi hata wiki mbili betri nzima inavumilia. Ukisafiri mwezi mzima haivumilii. Tofauti na gari yenyewe hiyo nyongeza karibu yote itakuwa traka, na traka ikiwa sehemu mtandao ni hafifu inakula zaidi maana inalazimika kutuma mawimbi kwa nguvu, kwa hiyo kama parking yako iko besimenti ya ghorofa utaona inapanda. Hiyo usiikate wala kuigusa kwa sababu ya mkopo, wapigie waliofunga uwaambie waje wahamishe waya mweusi kutoka kwenye nguzo kwenda kwenye bodi, ni kazi ya dakika chache na haki yako, waambie ni gari yenye sensa ya betri. Kamera ya dashi angalia kama ina ile ya kurekodi gari ikiwa imepaki, hiyo izime au iungwe sehemu inayozima na swichi. Na kama una kile kidude cha bluetuthi cha kusomea hitilafu kwenye soketi ya OBD, usikiache kimechomekwa usiku, kinaweza kuinyima gari usingizi.

Kuhusu kujizima, betri uliyoweka sio yake. 55D23L ni ya kawaida. Betri za kujizima kwenye foleni za Kijapani zinaandikwa M-42, N-55, Q-85, S-95, T-110, ile herufi ya kwanza ni umbo, Q ni sawa na D23, S ni sawa na D26, T ni D31. Angalia trei ya betri yako na stika ya ile iliyokuja na gari kama bado unayo au kitabu cha gari, T32 nyingi za petroli nilizofungua mimi zilikuja na S-95. Hizi sahani zake zimejengwa kuvumilia kuwashwa na kuzimwa mara nyingi na kupokea chaji haraka, ya kawaida ukiilazimisha inakufa mapema. Sikwambii ununue leo, hiyo uliyonayo itumie mpaka ichoke, gari itatembea vizuri bila kujizima, na hapa Dar na hili joto wala hukosi kitu kikubwa maana AC ikiwa inavuta sana gari yenyewe inakataa kujizima.

Siku ukinunua S-95 hakikisha tarehe ya kutengenezwa sio ya zamani, maana betri iliyokaa dukani bila kuchajiwa nayo inaota salfeti. Dai wapime mbele yako, chini ya 12.5 usiichukue. Ukishafunga, ingia kwenye skana upande wa injini ufute ile hesabu ya umeme uliotoka, rudisha saa na vioo vya milango, geuza usukani mwisho kulia na kushoto taa zake zizime, afu iendeshe mwendo mrefu kidogo kabla hujaanza kusubiri injini ijizime kwenye foleni. Ikigoma baada ya hapo nitumie namba utakazosoma, na unitajie mita inaonyesha ngapi asubuhi.